Miongozo ya pwani ya bahari itufae vipi kando ya Ziwa Nyasa?

Msomaji wetu wa Kyela anauliza: "Niko idara ya mazingira wilayani. Tumepata fedha kidogo za kuwafundisha watu 20 hivi, watendaji wa kata, maafisa ugani na viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe), namna ya kulinda ukanda wa ziwa kuanzia Songwe hadi Ikombe. Miongozo yote niliyopewa ni ya pwani ya bahari: mikoko, matumbawe, kupwa na kujaa. Huku kwetu hatuna hata kimoja. Niigeuze iwe ya ziwa, au nianze upya? Na nifundishe nini hasa ili semina ikiisha kitu kibaki?"

Ndugu yangu, usianze upya, ila usiigeuze pia. Miongozo hiyo ina mambo mawili ndani yake. Moja ni maelezo ya bahari na viumbe vyake. Hilo liweke kando karibu lote. La pili ni namna ya kumwandaa mtu aifanye kazi. Hilo lichukue, maana wenzetu wa pwani wametangulia. Tanga walianza mpango wao wa hifadhi ya ukanda wa pwani mwaka 1994, na walichojenga ni utaratibu wa vijiji vinavyovua miamba ileile kukaa pamoja na kuwa na mpango mmoja wa usimamizi. Kwenu badala ya mwamba weka mdomo wa mto. Vijiji vinavyotumia mdomo wa Kiwira, au wa Mbaka, au wa Lufilyo, vikae kikao kimoja na vijipangie pamoja. Huko huko baharini upo pia utaratibu wa kuwathibitisha wataalamu wa maeneo ya hifadhi za bahari, WIO-COMPAS, ambao humpima mtu kwa kazi anazoweza kuonyesha. Kuhudhuria tu hakumpi mtu uthibitisho. Hilo ndilo ningependa ulishike kuliko yote: kila mshiriki atoke na vipimo vya ufukwe wake, alivyochukua kwa mkono wake na anavyoweza kuvirudia mwezi ujao bila wewe kuwapo. Ufukwe usio na kumbukumbu ya maandishi hauna mtetezi. Mwenye ukuta au lori la mchanga akisema "palikuwa hivi hivi tangu zamani," nani atambishia?

Kwanza waeleze washiriki tofauti ya maji yao na ya bahari, na nusu siku inatosha. Tanga au Dar es Salaam maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na tofauti hufika mita 3 na zaidi. Ziwa Nyasa halina hilo. Lenyewe hupanda na kushuka kwa msimu: huwa chini kabisa karibu Novemba na Desemba, juu kabisa karibu Aprili na Mei, tofauti ikikaribia mita 1. Kwa miaka mingi huyumba zaidi. Kati ya 1915 na 1935 lilikuwa chini hata mto Shire, ambao ndio mto pekee unaotoka ziwani, haukupokea maji ya ziwa. Kufikia 1980 lilikuwa limepanda mita kadhaa. Mzee wa Matema anayesema maji yaliwahi kufika kwenye miembe ya babu yake msimpuuze. Mwandikeni, na mti wenyewe mwupime.

Tofauti nyingine ni kwamba maji haya hayabadilishwi upesi. Sehemu kubwa ya maji yanayotoka ziwani hutoka kama mvuke, na mvuke hauchukui mbolea, sabuni wala tope. Vinavyoingia kutoka Tukuyu na Kyela vinabaki. Ziwa lina kina cha kukaribia mita 700, lakini kuanzia mita 200 na kidogo kwenda chini hakuna oksijeni, kwa hiyo samaki wote wanaishi katika tabaka la juu tu. Tena samaki wa mawemawe wa Ikombe na miamba ya chini ya milima ya Livingstone wengi hawapatikani nje ya ziwa hili, na chakula chao ni mwani uotao juu ya mawe. Tope likifunika jiwe, mwani hauoti. Waonyeshe hilo kwa macho: chukueni jiwe la Ikombe na jiwe la karibu na mdomo wa mto, myaweke mezani, kila mtu apitishe kidole.

Kuhusu washiriki, 20 ni idadi nzuri, msizidi 24, maana mazoezi ya ufukweni hufanywa kwa vikundi vya watu wanne. Kila kata ilete wawili, kamwe asiwe mmoja. Mtendaji akihamishwa na hakuna wa pili, mafunzo yamehama naye. Wawili hao wasiwe wa kiti kimoja: mtumishi mmoja na mwanakijiji mmoja, mathalani afisa ugani pamoja na katibu wa BMU. Mpima wa idara ya ardhi lazima awepo, kwa sababu utakazoziona mbele. Na walau watu wanne watoke juu, Rungwe na Busokelo, wakiwemo wa jumuiya za watumia maji. Nitarudi kwao.

Muda usiwe wiki moja kwa mkupuo. Gawa mara mbili: siku sita mwanzoni mwa Novemba, ziwa likiwa chini na barabara zinapitika, kisha siku nne mwezi Juni, maji yakiwa yamekwisha kupanda na mafuriko yamepita. Katikati kuna miezi saba ya kazi, na hiyo miezi saba ndiyo mafunzo yenyewe. Aprili na Mei usimwite mtu. Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mashamba yako majini, na watendaji wana kazi ya mafuriko. Ukumbi pia uwe Matema au Kyela mjini. Ukiwapeleka hotelini jijini Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka ziwani, fedha itaishia kwenye posho na ufukwe watauona kwenye picha.

Sasa kipimo chenyewe, cha mteremko wa ufukwe. Hakihitaji mashine. Chukua fimbo mbili zilizonyooka za mita 1.5. Piga alama za sentimita kuanzia kichwani kwenda chini, sifuri iwe juu. Ziunganishe kwa kamba isiyovutika ya mita 2. Chini ya kila fimbo pigilia kibao cha upana wa sentimita 10, la sivyo itazama kwenye mchanga laini na kila kipimo kitakuwa cha uongo.

Fimbo ya kwanza husimama kwenye alama ya kudumu, ya pili husogezwa kuelekea majini hadi kamba inyooke. Mwenye fimbo ya nyuma anashusha jicho pembeni mwa fimbo yake mpaka aone kichwa cha fimbo ya mbele kimegusana na ule mstari wa mbali ambapo maji na mbingu hukutana. Pale jicho lilipo kwenye fimbo yake ndipo anaposoma. Ikiwa ni 14, ardhi imeshuka sentimita 14 ndani ya mita 2. Kukiwa na tuta la mchanga mbele, mambo yanageuka: jicho linakaa kichwani mwa fimbo ya nyuma, na namba inasomwa pale mstari wa mbali unapokata fimbo ya mbele. Hiyo ni kupanda, iandikwe na alama ya kujumlisha. Kushuka na alama ya kutoa. Kisha fimbo ya nyuma inahamia mahali pa ile ya mbele, mnaendelea hadi maji ya magotini.

Watatu wanatosha: wawili wa fimbo, mmoja wa daftari. Mstari wa mita 40, kutoka alama hadi majini, ni hatua 20 na huchukua kama nusu saa. Lakini angalia hesabu hii: ukikosea sentimita 1 kila hatua, na kila mara upande uleule, mwisho wa mstari umekosea sentimita 20. Ndiyo maana mnapima kwenda na kurudi. Majumlisho mawili yakipishana zaidi ya sentimita 5, rudieni. Kosa linalojitokeza zaidi ni kusahau alama ya kupanda na kushuka, kwa hiyo mwandishi aiseme kwa sauti na mpimaji aijibu. La pili ni kamba ya nailoni, ambayo ikivutwa inarefuka. La tatu ni la huku kwetu hasa: Septemba na Oktoba moshi wa mashamba yanayochomwa hufunika ziwa, na ule mstari wa mbali hauonekani. Hapo chukueni mpira wa levo ya maji wa fundi ujenzi, wa mita 10, mhakikishe hauna mapovu ndani, mpime kwa huo.

Alama ya kudumu ni msingi wa yote. Msumari kwenye mti haufai, mti huanguka au hukatwa. Kona ya msingi wa shule, kanisa au zahanati iliyo mbali na maji ndiyo bora. Isipokuwepo, mwage nguzo ya zege iliyozikwa sentimita 60, yenye nondo inayochungulia juu. Kila mstari uwe na alama mbili, ya pili ikiwa mita kadhaa nyuma ya kwanza kwenye mwelekeo uleule. Moja ikipotea, nyingine inairudisha. Pigeni picha ya kila alama mkiwa mmesimama mahali palepale kila mwezi.

Mnapima mara moja kwa mwezi, na tena ndani ya siku tatu baada ya dhoruba. Washiriki wasitangaze mmomonyoko kwa vipimo vya miezi mitatu. Kusi linapovuma, kati ya Mei na Agosti, mawimbi yanayosafiri urefu wote wa ziwa huja kuvunjikia kaskazini, na mchanga wa juu ya ufukwe hushushwa chini ya maji. Upepo ukitulia, sehemu yake hurudi. Ni baada ya miezi 12 mnapolinganisha Novemba na Novemba ndipo mnajua kilichopotea kweli.

Faida ya namba hizi mtaiona kwenye mchanga wa ujenzi. Fanyeni zoezi hili darasani: ufukwe wa urefu wa mita 100 na upana wa mita 20, ukishushwa sentimita 1 tu, ni mita za ujazo 20, yaani malori manne ya mita za ujazo 5. Sasa wahesabu malori yanayopita kwa wiki. Mtu akishaifanya hesabu hiyo mwenyewe, hoja inakuwa yake, na ataitetea kwenye mkutano wa kijiji kwa namna ambayo hotuba yako haiwezi kumpa. Wakumbushe pia kwamba mchanga unaochotwa mtoni ni ule ambao ungekuja kuujaza ufukwe. Mto na ufukwe vina akiba moja.

Kipimo cha pili ni cha tope. Tengenezeni sahani ya Secchi: bati la duara la upana wa sentimita 20, robo zake zipakwe nyeusi na nyeupe kwa kupishana, chini mfunge uzito wa kilo 1 au 2, na kamba iwe na alama kila sentimita 10. Ishusheni upande wa kivuli wa mtumbwi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Andikeni kina inapopotea, kisha ivuteni na mwandike kina inapoonekana tena; wastani wa hivyo viwili ndio kipimo. Ziwani kati maji ni mang'avu sana, sahani huonekana hata kupita mita 10. Mdomoni mwa mto wakati wa masika inaweza kupotea kabla ya mita 1. Anayepima avue miwani ya jua, na kwa kituo kimoja awe mtu yuleyule, kwa sababu macho hayalingani. Ikombe ni mawe matupu, mstari wa fimbo hautawafaa huko, sahani ndiyo kipimo chake.

Tuje kwenye mita 60, maana najua ndiyo itakayoleta ubishi ukumbini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili au mto shughuli za kudumu, na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Someni maneno yenyewe darasani, pole pole. Ukuta wa zege na nyumba ya wageni si sawa na uchanja wa kuanikia usipa, dagaa wa ziwa hili, unaoweza kubebwa na watu wawili. Mtendaji asiyetofautisha hayo mawili atamwonea mvuvi na kumwacha mwenye ukuta.

Ugumu uko kwenye swali la kupimia kuanzia wapi. Tambarare ya Kyela ina mteremko mdogo mno. Mahali ambapo ardhi inapanda mita 1 kwa kila mita 50, ziwa likipanda mita 1 ukingo unahama mita 50. Yaani aliyekuwa nje ya mita 60 mwezi Novemba anajikuta mita 10 tu kutoka majini mwezi Mei, naye hajahamisha hata tofali. Wafundishe kurekodi mistari miwili daima: maji ya siku ile, na alama ya juu kabisa ya maji, inayoonekana kwa takataka za matete zilizokauka, mpaka wa majani ya nchi kavu, au doa kwenye ukuta. Waandike yote mawili, wakaiachie mamlaka na mwanasheria wa halmashauri kuamua. Mshiriki hapigi bikoni, yaani alama rasmi za mpaka. Hiyo ni kazi ya mpima.

Hapo hapo mpima awafundishe jambo ambalo limeharibu ripoti nyingi. Ramani za zamani za nchi yetu zimechorwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, simu na GPS nyingi husoma kwa WGS84. Ukichukua nukta ya mfumo mmoja ukaiweka kwenye ramani ya mwingine, inahama kwa takribani mita 300. Kwenye kesi ya mita 60 hiyo ni kuangamia. Kila nukta iandikwe pamoja na jina la mfumo na kanda ya ramani (UTM), ambayo kwa Kyela ni 36 Kusini. Na hata mfumo ukiwa sahihi, simu hukosea mita 3 hadi 10 uwanjani, zaidi ya hapo chini ya michikichi, kwa hiyo mita 60 zenyewe zipimwe kwa tepu. Mstari wa tepu uvutwe kwa usawa. Kwenye mteremko msiulaze juu ya ardhi.

Mazoezi ya ripoti yafanywe kila jioni, ukurasa mmoja tu: mahali, tarehe, kilichopimwa, picha mbili, kifungu kinachohusika, pendekezo, na ofisi inayopaswa kuamua. Hicho cha mwisho ndicho wengi hukosea. Nyavu na kokoro ni Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, na BMU ina nafasi yake hapo. Uchotaji wa maji na shughuli za mtoni zinagusa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa chini ya Sheria Na. 11 ya 2009. Mchanga wa ujenzi ni madini ujenzi, leseni yake iko Tume ya Madini, ingawa kuharibu ukingo kunabaki suala la mazingira. Barua ikienda ofisi isiyohusika inakaa miezi, na mchanga unaendelea kwenda. Upande wa Songwe ongeza tahadhari moja: mto ule huhama, nao ni mpaka na Malawi. Vipimo vyenu visemee ufukwe na tope, mambo ya mpaka yaachieni wizara.

Nimesema nitarudi kwa watu wa juu. Tope la Kiwira na Mbaka halitengenezwi Kyela. Linatoka kwenye miteremko ya Rungwe, kwenye viazi vilivyolimwa kufuata mteremko na kingo zilizolimwa hadi majini. Samaki aitwaye mbasa hupanda mito hii kutaga kwenye kokoto. Kokoto zikizibwa na tope, mayai hayapati hewa, na hata mkiondoa nyavu zote mdomoni samaki hawatarudi. Kwa hiyo siku ya nne ipelekwe juu. Waonyesheni upandaji wa nyasi za vetiva kwa kufuata kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko: vipande vyenye machipukizi mawili matatu, vikatwe majani yabaki kama sentimita 20, vipandwe kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, mwanzoni mwa mvua. Mapengo yazibwe mwezi wa kwanza, kwa sababu pengo moja hukusanya maji ya mstari wote na kuchimba korongo. Vetiva haipendi kivuli, basi ndani ya kakao msiihangaikie. Huko acheni majani yaliyoanguka yafunike udongo, na kandokando ya maji matete yaachwe yaote.

Usalama usiwe wa kutaja tu. Kila anayepanda mtumbwi avae jaketi okozi, lililofungwa. Kazi za ziwani ziishe kabla ya saa 6 mchana, upepo haujachafuka. Midomo ya mito ina mamba. Hapo mstari wa fimbo uishie kwenye mchanga mkavu, msiingie majini. Ziwa lina kichocho pia, kwa hiyo wanaoingia magotini wavae mabuti marefu, na waende zahanati wiki 6 hadi 8 baada ya zoezi, kwani dawa ikimezwa mapema sana haiui minyoo michanga.

Mwezi Juni wakirudi, usiwafundishe mada mpya siku ya kwanza. Kila jozi isimame na daftari lake, ichore mistari ya miezi yote kwenye karatasi moja ya miraba, wenzao wawahoji. Asiye na vipimo visivyopungua vitano asipewe cheti, hata akiwa mkubwa wa nani. Apewe miezi mingine mitatu. Daftari liwe nakala mbili, moja ofisi ya kata na moja BMU, na mtendaji anapohamishwa liandikwe kwenye hati ya makabidhiano pamoja na fimbo, tepu na sahani.

Kwa fedha uliyonayo anzeni na mistari minne: mmoja upande wa Songwe, mmoja karibu na mdomo wa Kiwira, mmoja Itungi, mmoja Matema. Nguzo za zege zimwagwe wiki mbili kabla ya semina ili siku ya kwanza ziwe zimekauka na kupimwa na mpima.